Kipande cha Khanga

Mke wangu Mwanaisha, hujambo na watoto?

Tabora kumekauka, jasho halifiki kidevuni. Ulinionya, nikabisha. Jinzi na fulana nyeusi ziliniunguza siku ya kwanza tu kwenye njia ya zamani ya misafara, kabla hata sijafika Kigwa. Sasa navaa lile shati jeupe la mikono mirefu ulilonifungashia, na kichwani nimejifunga kipande ulichokata kwenye doti yako.

Mama mmoja muuza asali alicheka. "Baba, hiyo khanga si ya mkeo?"

"Ni yake, mama."

"Basi usiifue."

Kachelewa kuniambia. Niliifua jana, harufu yako ikaenda na vumbi. Kile kipande kilichobaki nyumbani, tafadhali, jifunge kila siku mpaka nirudi.

Baba Salma