Magazeti Yenye Matundu, na Suala la Kuungana na Marlthorpe

CHAMA CHA WASOMAJI WA HADITHI ZA MPIRA, CLOUGHDEN

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumanne, tarehe 12 Februari 2008, katika ukumbi mdogo wa kanisa la Wamethodisti, Mtaa wa Inkerman, kuanzia saa moja na robo jioni

WALIOHUDHURIA
Bw. Wilfred Entwistle – Mwenyekiti
Bi. Doreen Haslam – Mtunza Hazina
Bw. Leonard Pickup – Mjumbe na mtunza maktaba ya Chama
Bw. Gurdial Sandhu – Mjumbe
Hannah Threlfall – Katibu (mwanafunzi, mjumbe mdogo, hana kura)

ALIYEKOSEKANA KWA UDHURU
Bw. Stanley Nuttall, aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Alituma kura yake kwa maandishi.

KUMB. NA. 1/2008: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amevaa koti, na aliwaomba wajumbe wabaki na makoti yao kwa kuwa hita ilikataa tena kuwaka. Alisema hana hotuba. Jambo kubwa ni moja tu, barua ya chama cha wakusanyaji cha Marlthorpe, na angependa liamuliwe bila kurushiana maneno ili kila mtu awahi kitanda chake. Bi. Haslam aligawa chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo na pai za jibini na vitunguu zilizobaki nyumbani kwake Jumapili.

KUMB. NA. 2/2008: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za Novemba. Bw. Pickup alizipinga kwa sababu ziliandika kwamba "alitoa maoni tofauti" kuhusu ada. Alisema: "Mwanangu, mimi sikutoa maoni tofauti. Nilisema Wilf anaongea upuuzi mtupu. Andika nilichosema."

Bi. Haslam alisema mtoto aliandika vile kwa kuwa amefunzwa adabu, tofauti na watu wengine waliomo humu ndani. Mwenyekiti alisema hana nguvu ya kubishana na aliagiza kwamba kuanzia leo mjumbe akitaka maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, yaandikwe. Kumbukumbu zilithibitishwa baada ya marekebisho hayo.

KUMB. NA. 3/2008: MAELEZO YA HISTORIA

Mwenyekiti alieleza kwamba Marlthorpe wameomba ukurasa mmoja kuhusu hadithi ambazo Chama hiki kinazisoma, zilianzaje na watoto walizipendea nini. Wajumbe waliombwa kuchangia ili Katibu aandike.

Mwenyekiti alianza. Alisema hadithi za mpira katika magazeti ya watoto ni za zamani kuliko mjumbe yeyote. Babu yake alisoma zile za maandishi matupu, herufi ndogo kama chembe za sukari, kuhusu wavulana wa shule za bweni waliocheza kwa ajili ya heshima na hawakuchafuka kola. Baada ya vita mashujaa walibadilika. Wakawa vijana wa viwandani na migodini waliofanya mazoezi baada ya zamu, na picha zikachukua nafasi ya maandishi. Yeye alipokuwa na miaka kumi, kila mvulana wa Cloughden alikuwa na gazeti lake dukani, limewekwa chini ya kaunta na jina lake kwa penseli kwenye kona. Katika hadithi hizo mshambuliaji alitekwa asubuhi ya fainali na akafika uwanjani kamba ikiwa bado mkononi. Majina ya waandishi na wachoraji hayakuchapwa kamwe. Alisema watoto walidhani hadithi zinaota zenyewe kama uyoga.

Bw. Pickup alisema historia ni nzuri lakini haielezi kitu. Alisema: "Jumamosi mvua inanyesha, Cloughden wamefungwa tena, basi limechelewa, baba kanuna. Jumatatu unafungua gazeti, kuna timu iko nyuma mabao matatu mapumzikoni na inarudisha yote. Wewe ungefanyaje? Ungesoma hesabu?"

Bw. Sandhu alisema yeye alijifunza Kiingereza humo. Alifika Cloughden akiwa na miaka minane, baba yake akanunua duka la magazeti la Mtaa wa Corporation, na magazeti yasiyouzwa yalichanwa jalada ili lirudishwe kwa msambazaji. Yaliyobaki alisoma yeye. Kwa kuwa katika hadithi hizo mashabiki jukwaani hueleza kila kinachotokea, alidhani Waingereza wote huongea hivyo. "Mwalimu akiingia darasani, mimi nasema, 'Lo! Mwalimu ameingia kwa kasi! Je, tutanusurika?' Walinipeleka kupimwa masikio." Wajumbe walicheka. Mwenyekiti naye alitabasamu.

Bi. Haslam alisema iandikwe pia kwamba wasichana walisoma. Walichapishiwa magazeti yao yenye wacheza dansi na farasi. "Mimi na farasi wapi na wapi? Tulikaa juu ya duka la samaki." Alisoma ya kaka yake, Kenneth, akishamaliza nayo.

Iliazimiwa kwamba Katibu aandike yote hayo, isipokuwa habari ya masikio. Bw. Sandhu alisema habari ya masikio ibaki.

KUMB. NA. 4/2008: BARUA YA MARLTHORPE

Mwenyekiti alisoma barua. Chama cha Wakusanyaji wa Magazeti ya Zamani cha Marlthorpe kinaalika Chama hiki kiungane nacho kuanzia Aprili, kwa jina la "Marlthorpe na Cloughden". Wana chumba chenye joto na hakina ngazi. Masharti ni mawili. La kwanza, magazeti yote yatiwe kwenye mifuko ya plastiki na yasifunguliwe ila kwa kibali. La pili, gazeti lolote lililokatwa halitapokelewa, na wanashauri yapelekwe kwenye pipa la karatasi chakavu.

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi bila kujua, Katibu anaeleza sharti la pili. Kila wiki gazeti lilikuwa na kuponi kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Msomaji aliikata kwa mkasi, akaandika majina ya hadithi tatu anazozipenda, akaituma kwa posta. Hadithi iliyokosa kura ilifutwa. Nyuma ya kuponi, mara nyingi, ndipo ilipokuwa picha ya mwisho ya hadithi nyingine. Kwa hiyo watoto waliopenda magazeti hayo kuliko wote ndio walioyatoboa. Karibu maktaba yote ya Chama ni mali ya Bw. Pickup, na karibu yote ina matundu. Magazeti ya Mwenyekiti, ambayo yako nyumbani kwake, ni mazima.

Mwenyekiti alisema yeye anaona tukubali. Alieleza kwamba ukumbi huu unavuja na kanisa litaufunga baada ya Pasaka, kwamba wanachama walikuwa ishirini na sasa ni hawa, na kwamba kila kikao ni yeye anayekuja mapema kupanga viti ambavyo havikaliwi. Alisema: "Sijakasirika na mtu. Nimechoka tu."

Bw. Sandhu alimuunga mkono. Alisema amefunga duka mwaka jana na anajua kitu kikiisha kinaisha. Alieleza kwamba televisheni ilipoanza kuonyesha mechi nyingi, wavulana waliacha kuja mmoja mmoja, na kampuni zikaanza kuunganisha magazeti. Siku ya kuunganishwa jalada lilipiga kelele "HABARI NJEMA KWA WASOMAJI WOTE!" Wiki ya kwanza majina mawili yalikuwa na ukubwa sawa. Baadaye la pili likawa dogo, kisha dogo zaidi, na wakati wa kiangazi halikuwepo. "Nimezika mengi pale kaunta."

Bw. Pickup alimuuliza kama anasikia anachosema. Alichukua barua mezani na kusoma mstari wake wa kwanza kwa sauti: "Tunayo habari njema kwa pande zote." Kisha alisema: "Gurdial, bwana wee, umetuhubiria mazishi halafu unatuambia tuingie kaburini."

Bw. Sandhu alisema kaburi lenye hita.

Bi. Haslam alitaka kujua magazeti ya Bw. Pickup yatakwenda wapi. Mwenyekiti alisema barua imeeleza. Bi. Haslam alisema anataka kulisikia jibu kutoka kinywani mwake. Mwenyekiti alisema: "Pipani, Doreen." Bw. Pickup alianza kuyapanga upya magazeti yaliyokuwa mezani, ingawa yalikuwa yamepangwa.

Mwenyekiti alipendekeza usomaji ufanyike sasa badala ya mwishoni ili watu wapumue. Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 5/2008: USOMAJI

Ni desturi ya Chama kwamba mjumbe mmoja asome sehemu ya hadithi kwa sauti, na anapofika kwenye tundu, wajumbe wengine wazibe tundu hilo kwa kueleza picha iliyokuwepo. Mwenye gazeti zima hachangii isipokuwa akiulizwa.

Bw. Pickup alichagua sehemu ya mwisho ya "Kipa wa Gatini", ya mwaka 1958. Sam Harbottle ni fundi wa boti za kuvuta meli, na ni kipa wa timu ya bandari. Dakika ya mwisho, penalti dhidi yao. Mpigaji ni yule yule aliyemvunja mkono Krismasi. Umati unasema, "Sam amefungwa bendeji! Hawezi kuruka upande wa kushoto!" Mpigaji anakimbia, anapiga, na hapo pana tundu.

Bw. Pickup alisema Sam aliutoa mpira kwa mguu. Bi. Haslam alisema hakuusogelea hata kidogo. Mpigaji aliteleza kwenye tope na mpira ukaenda kwa mama mmoja jukwaani.

"Doreen, hukuwahi kuliona gazeti hili likiwa zima."

"Hata siku moja. Kenneth alikuwa na mkasi kama wewe. Yote niliyopata yalikuwa na matundu. Nilikuwa nalala nawaza, naamka nawaza, naenda kununua mkate nawaza. Usiniambie mimi sikuisoma."

Bw. Sandhu alisema yeye anaona goli liliingia, kwa sababu maisha ndivyo yalivyo. Wajumbe wawili walimkataza kwa pamoja.

Bw. Pickup alimkumbusha Mwenyekiti kwamba analo gazeti hilo, zima. Mwenyekiti alikubali kwamba analo. Aliuliza: "Len, wewe ulilikata hilo kupigia kura hadithi gani?"

Bw. Pickup alisema ile ya winga mwenye pikipiki.

Mwenyekiti alisema: "Mimi ya Sam ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Hapo ndipo ilipofutwa, haikupata kura. Baba aliniambia kitu kikishakatwa hakina thamani, nikamsikia. Kila wiki nasoma, nakunja, naweka sandukuni. Sikutuma kuponi hata moja. Wala si hiyo tu, zote nilizozipenda zilikwenda hivyo hivyo. Yenu ya pikipiki iliendelea miaka. Mnayo magazeti yaliyochakaa ya hadithi iliyoishi. Mimi ninayo masafi ya hadithi iliyokufa."

Bi. Haslam alimwongezea chai.

KUMB. NA. 6/2008: KURA

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliokubali kuungana na Marlthorpe: Bw. Sandhu, na Bw. Nuttall kwa maandishi. Waliokataa: Bw. Pickup na Bi. Haslam. Kwa kuwa kura zililingana, uamuzi ulibaki kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Bi. Haslam alimwambia: "Wilf, ukisema ndiyo hatutakulaumu. Tutakununia tu mpaka tufe."

Mwenyekiti alinyoosha mkono wa kukataa. Bw. Sandhu alimuuliza kama ameelewa swali. Mwenyekiti alisema amelielewa, safari hii kuponi yake anaituma, mkono wake unauma, na Katibu aandike upesi ili aushushe. Iliandikwa. Mwaliko wa Marlthorpe umekataliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili.

Katibu aliagizwa kuandika jibu fupi la shukrani, bila kuanza na habari njema.

KUMB. NA. 7/2008: MENGINEYO

Ukumbi. Bi. Haslam alijitolea vikao vifanyike jikoni kwake kuanzia Aprili. Alisema ni padogo, kila mtu aje na kiti chake, na atakayeweka miguu kwenye oveni atatolewa nje. Mwenyekiti alisema kama hatalazimika kupanga viti basi ataendelea na nafasi yake mpaka apatikane mwingine.

Kuhamisha maktaba. Bw. Sandhu alisema atabeba masanduku kwa gari lake. Bw. Pickup alimkumbusha kwamba alipiga kura ya kuungana. Bw. Sandhu alijibu: "Nilipiga kura. Sikusema Jumanne nitabaki nyumbani nikitazamana na mke wangu."

Wanachama wapya. Katibu aliomba ruhusa ya kuwaleta jikoni wanafunzi wenzake wawili, mmoja wao akiwa kipa wa timu ya wasichana ya shule. Mwenyekiti aliuliza kama wanajua kusoma kwa sauti. Katibu alisema wanajua kubishana. Ruhusa ilitolewa.

Picha ya Sam Harbottle. Bw. Pickup alisema kwa kuwa mambo yamekwisha vizuri, Mwenyekiti sasa aseme picha ile ilionyesha nini. Mwenyekiti alifungua kinywa. Bi. Haslam alipiga meza kwa kijiko na kusema: "Wilf Entwistle, usithubutu." Bw. Sandhu alimuunga mkono. Bw. Pickup alisema amesubiri miaka hamsini na ana haki. Kura ilipigwa. Iliazimiwa, kwa kura mbili dhidi ya moja, Mwenyekiti akiacha kupiga kura, kwamba Mwenyekiti asiseme.

KUFUNGA

Kwa kuwa hapakuwa na jingine, na chai ilikuwa imekwisha, Mwenyekiti aliruhusu watu kuondoka saa tatu kasoro dakika kumi usiku. Wajumbe walikuwa bado wanabishana ngazini kama mtu mwenye bendeji anaweza kuutoa mpira kwa mguu.

W. Entwistle                    Hannah Threlfall
Mwenyekiti                      Katibu