Daftari Lisilo na Jumla

Shangazi yangu Holo,

Shikamoo. Ulipokuwa hai uliitikia "marahaba" kwa sauti ya kufukuzia kuku, nami nilikuwa naipenda sauti ile. Leo najua huitikii, lakini sikiliza hivyo hivyo: nimeshinda! Nimeshinda, Shangazi, na wewe ndiwe niliyetaka kumwambia kabla ya mtu mwingine yeyote. Barua hii sikuitia bahasha. Maisha yako yote barua zako zilisomwa na mtu mwingine kwa sauti, nusu ya kijiji cha Samuye imekaa inasikiliza, na wewe unamkatiza msomaji kila mstari. Basi na hii naiacha wazi, anayetaka kusoma asome.

Unaukumbuka mchana ule uliponizaba kofi? Nilikuwa mdogo bado, nimetoka shule najua kuhesabu mpaka mia, na kichwa kimenivimba. Nikasimama kwenye zizi la ndama, nikanyoosha kidole: moja, mbili, tatu. Nne sikuifikia. "Unamhesabia nani?" ulifoka. "Fisi? Au kifo? Mali ya watu hainyooshewi kidole ikahesabiwa, mjinga we!" Nililia sana, na si kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilitegemea kusifiwa. Ng'ombe waliporudi kutoka malishoni ulisimama mlangoni pa boma, hukunyoosha kidole, hukutaja namba. Uliwatazama tu wakipita, kisha ukasema, "Binti wa Kijivu hayumo." Wachungaji wakarudi mbio wakamkuta amenasa kwenye tope la lambo. Mimi na mia yangu tukaingia ndani.

Miaka ikapita, nikawa karani katika duka la mzee Valji pale Shinyanga mjini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutunza vitabu, kinachoingia upande huu, kinachotoka upande ule, na chini ya ukurasa mstari na jumla. "Shija," alikuwa akiniambia, "kitabu bila jumla ni shati bila vifungo." Nikakaa nikajiona fundi. Nikaja kukwambia kwamba naacha kazi ya Valji, nakwenda kuwatunzia watu wengine hesabu zao, niwe bwana wa meza yangu mwenyewe. Wewe ulikuwa unapepeta mtama. Uliniuliza neno moja tu: "Watu gani?"

Nilikuwa na kila kitu kichwani, kibao, meza, wino mweusi na wino mwekundu, ila watu sikuwa nao.

Siku ya tatu ukamtoa mtamba wako mweusi, yule wa mahari ya binti yako Nkwimba, ukaniambia nimpeleke mnadani ninunue baiskeli na hiyo meza. Nkwimba alinuna, na alikuwa na haki, maana mtamba yule alikuja kwa ajili yake. Wewe ukasema mbele yetu sote, "Pamba ikianza kununuliwa na huyu hajapata hata mteja mmoja, atarudi kwa Mhindi wake akapige magoti. Na hapa asinionyeshe uso wake." Shangazi, maneno yale nililala nayo na kuamka nayo.

Nilipanga pembe ya baraza la fundi cherehani mmoja mjini, nikatundika kibao. Alikuja nani? Inzi. Basi nikasema, mteja hafuatwi na kibao, anafuatwa na miguu. Nikavaa kaptula nyeupe iliyotiwa wanga, soksi ndefu, kofia ya pama, kalamu mbili mfukoni, daftari jipya kwapani. Loo, nilipendeza! Nikapanda baiskeli nikaingia vijijini, boma kwa boma, mpaka njia ya Bugarama. Kila nilipofika nilianza vizuri, "Mwangaluka," wakaitikia. Kisha nikafungua daftari na kuuliza, kwa sauti ya ukarani, "Mna ng'ombe wangapi?"

Weee! Ilikuwa miaka ile ya amri za serikali za kupunguza mifugo, na mtu mwenye soksi ndefu na daftari alikuwa na maana moja tu. Wanawake waliingia ndani. Watoto walitimka kwenda kuwaonya wachungaji. Mzee mmoja aliniapia kwamba tangu azaliwe hajawahi kumiliki ng'ombe, na wakati anaapa, ng'ombe wake alilia nyuma ya nyumba. Tukatazamana. "Huyo ni wa jirani," akasema. Kwingine nilifunguliwa mbwa, na soksi moja ikabaki huko huko. Niliporudi mjini fundi cherehani aliinua kichwa na kuniuliza, "Karani, leo umewakamata wangapi?"

Nilikuja kwako na soksi moja. Nilikusimulia yote nikidhani utanionea huruma, wewe ukacheka mpaka ukashika nguzo ya nyumba. Ulicheka ukakohoa, ukakohoa ukacheka tena. Kisha ukakasirika. "Kofi langu lilikuwa la bure? Nani aliyekufundisha kuingia kwa mtu na kuuliza wangapi? Hata mchawi huanza kwa kusalimu akakaa! Uliza majina, Shija. Hakuna mtu anayechoka kumsifu ng'ombe wake. Na hiyo soksi iliyobaki itupe." Ukanituma kwa mzee Masunga, ambaye ng'ombe wake wengi ni wa kubilisa, amewaweka kwenye maboma ya watu wengine wawatunze na kunywa maziwa yao, na ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoroka.

Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho nilichokisikia. Mtama ulikuwa haujafika hata magotini ulipotuacha, na mimi nikakuzika bila mteja hata mmoja. Nisikufiche, Shangazi, kilichonichoma zaidi siku ile ni kwamba uliondoka ukijua umemtoa mtamba wako kwa mpumbavu. Nkwimba alinipakulia chakula kama mgeni. Afadhali angenitukana.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Masunga. Nilivaa shati la kawaida, baiskeli nikaiacha mbali, nikasalimu, nikakaa, nikanywa maziwa yaliyoganda kibuyu kizima. Ndipo nikasema, "Baba, nasikia una ng'ombe mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, na mama yake alikuwa mashuhuri." Mzee aliruka kama amemwagiwa maji. "Mama yake? Mama yake unamjua wewe?" Akaanza. Akaendelea mpaka jua linatua, na kesho yake, na keshokutwa. Nilipewa jina, rangi, pembe, mama, bibi, alikuja kwa mahari ya nani, yuko boma la nani. Nikaomba ruhusa, tukazunguka maboma yote pamoja, na kila mtunzaji akamsifu ng'ombe aliye kwake, nami nikaandika kama alivyosema. Kila ng'ombe akapata ukurasa wake.

Nilipomaliza, mkono wangu ukaenda wenyewe kuchora mstari chini. Masunga aliushika. "Andika yote, mwanangu, lakini usijumlishe. Hapo chini paache." Shangazi, nilisikia mwili unaniwasha! Miaka yote ya Valji ilikuwa inanipigia kelele masikioni. Lakini kofi lako lilipiga kelele zaidi. Nikakiweka chini kidau cha wino, nikapaacha patupu.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Pamba ilikuwa imekwisha kupasuka mashambani, magunia yanashonwa, na mimi nilikuwa na mteja mmoja ambaye alikuwa bado ananitazama aone kama nafaa. Mtunzaji mmoja wa Masunga, Ndaki, alifariki. Wanawe, vijana waungwana tu, wakaona kwenye zizi lao mtamba mwenye mkia mweupe, wakaamini ni wao. Masunga akasema ni wa kwake. Shauri likaenda barazani kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Watu walijaa, na wazee wakaanza kukumbuka kila mmoja lake, mpaka mwanangwa akashika kichwa. Masunga akaniangalia. "Karani, simama."

Nikasimama. Kama daftari lile lingekuwa na namba tu, ningesimama kusema nini? Namba haina mkia mweupe. Nikafungua ukurasa, nikasoma kwa sauti, polepole, kama nilivyokuwa nakusomea wewe: "Mwekundu wa Paji, binti wa Mwenye Kengele. Yuko kwa Ndaki, aliyesema hivi: ng'ombe huyu ni mpole kama mke wangu wa kwanza, na mwaka wa nzige alimzaa mtamba mwenye mkia mweupe, naye ni wa Masunga kama mama yake, mimi nakunywa maziwa tu."

Mtoto mkubwa wa marehemu akatoka mbele, akaniuliza, "Baba alisema hivyo? Mpole kama mama?" Nikamwambia alisema, na alicheka aliposema. Yule kijana akaomba nisome tena. Nikasoma tena. Akajifuta uso, akamgeukia Masunga, "Mzee, mchukue ng'ombe wako. Wabeja kwa kutuletea sauti ya baba." Na Masunga naye, ambaye ubahili wake unajulikana mpaka Nyarugusu, akasema mtamba abaki pale pale, wauendeleze ubilisa wa baba yao. Ila akataka liandikwe daftarini, wakati ule ule, mbele ya watu.

Shangazi, laiti ungewaona! Sikumaliza hata kukausha wino. "Karani, kwangu utakuja lini?" "Aanzie kwangu, mimi ni jirani!" Yule mzee aliyeniapia hana ng'ombe alinivuta shati, akaninong'oneza, "Yule wa jirani nimemnunua. Njoo umwandike." Nilicheka nikashika nguzo ya baraza, nikajikuta nimecheka kwa kicheko chako. Hapo hapo nikalia. Watu walidhani ni furaha, nami nikawaachia wadhani.

Pamba ikaanza kununuliwa, na mimi sikupiga magoti kwa mtu. Wakulima walinifuata niwaandikie magunia yao, lipi la shamba gani, lililimwa na mke yupi, maana ugomvi wa pamba huanzia nyumbani. Habari zikafika Geita, kwenye kambi ya wachimbaji, nikaitwa na Mama Zuhura, mwenyeji wa Tabora anayewapikia watu wa mgodi. Safari hii sikuuliza ana wateja wangapi. Nilisema, "Mama Zuhura, nani anapenda nini hapa kwako?" Akaweka mwiko chini, akavuta kigoda, na mpaka leo hajamaliza.

Hata mzee Valji alikuja. Alisimama barazani akaitazama foleni, akachukua daftari la Masunga, akafunua ukurasa kwa ukurasa, akafika chini. "Shija, jumla iko wapi?" Nikamjibu kwamba shangazi yangu alikataa. Akatikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akaniambia shemeji yake kule Nyarugusu anatafuta mtu wa vitabu. "Lakini yeye mwekee jumla, tafadhali," akasema.

Masunga alinilipa mtamba mweusi. Nilimswaga kwa miguu mpaka Samuye, baiskeli naisukuma kwa mkono mwingine, nikamkabidhi Nkwimba mlangoni pa boma. Alimzunguka, akamshika pembe, akamtazama meno. Kisha akasema, "Kaka, umechelewa kula," akaingia kunipikia. Nimeuonyesha uso wangu nyumbani kwako, Shangazi, na nimekaribishwa.

Uliniuliza "watu gani?" na sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini kuwahesabu sithubutu, kofi lako bado la moto. Nitasimama mlangoni, niwatazame wakipita: Masunga mwenye Mwekundu wa Paji. Watoto wa Ndaki walioletewa sauti ya baba yao. Mzee wa ng'ombe wa jirani. Mama Zuhura na mwiko wake. Shemeji wa Valji anayetaka jumla. Na nyuma yao wengine wanakuja, vumbi naliona. Kati yao hayumo mmoja tu, na huyo ni wewe, uliyekuwa ukimjua asiyekuwapo hata kabla lango halijafungwa.

Pumzika, Shangazi. Ukurasa wako nimeufungua wa kwanza kabisa, na chini nimepaacha patupu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, uliyenizaba kofi,
Shija