Ukumbi Ulibaki Kijani

Chizuru, usinipigie. Nimejifungia chooni hapa ukumbini kwenye tamasha, nalia kama mtoto.

Nimemuumiza Orie. Orie wetu! Mwimbaji na sauti ya anime zote, zile katuni za Kijapani tulizoangalia tangu sekondari, tuliyemwandikia barua miaka tisa mpaka akatujua kwa sura na majina.

Unajua akipanda jukwaani ukumbi mzima unabadilisha taa za mkononi kuwa zambarau, rangi yake. Leo ameitwa, kapanda, na ukumbi ukabaki kijani. Kijani tupu! Ndiyo rangi ya Hinari, kale kasichana kapya; watu elfu mbili wanamsubiri yeye, hakuna hata aliyejisumbua kubonyeza kitufe.

Nikasema moyoni, hawa watu hawana haya kweli.

Mara akaniona, mstari wa pili. Uso ukamchangamka, akaniita kwenye kipaza sauti: "Mitsue! Bado upo?"

Ndipo nikautazama mkono wangu.

Kijani.

Chizuru, KIJANI. Na mimi leo nilikuja kwa ajili ya Hinari, sikukwambia.

Nikababaika na kitufe. Ikaja nyekundu, ikaja njano, nikabonyeza kwa pupa mpaka taa ikazimika kabisa. Naye kasimama pale, ananisubiri. Ananisubiri mimi!

Halafu akasema taratibu, "Acha tu, mdogo wangu. Kijani kinakupendeza."

Akaimba. Sauti ni ile ile, shoga, haijazeeka hata chembe.

Taa yangu imekuja kuwaka zambarau wimbo umekwisha, yeye ameshatupa mgongo anaondoka.