Uyoga wa Kwenye Kichuguu

Neema mjukuu wangu,

Huku Kitandililo tu wazima, babu yako anapalilia viazi. Umeuliza nani alinifundisha kuchuma uyoga. Ni shangazi yangu. Siku moja baada ya mvua niliukuta uyoga mweupe umetapakaa msituni, nikajaza kikapu mbio mbio. Shangazi akachimbua mmoja.

"Unaona kifuko hiki shinani? Huu unaua."

Akamwaga kikapu chote, hata ule mzuri, maana ulikuwa umechanganyika. Nikanuna. Kisha akanipeleka kwenye kichuguu, na pale, mjukuu wangu, uyoga ulikuwa mpana kama miavuli. Moyo ulinidunda kwa furaha. Kila nilioung'oa nilimwonyesha kwanza. Jioni tulikula mpaka tukalamba sufuria.

Njoo likizo twende wote. Mpaka leo, uyoga nisioujua nauacha.

Bibi yako