Sikutaja Jina

3 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Kazi zinakwendaje? Sisi wazima, ila usingizi wangu ni wa kuibia tu, Kibonge anaota jino. Moyo umetulia, vidonge nameza kama ulivyoniagiza.

Jana nilikuwa nafua nepi, redio ikarusha kikao cha kamati ya bunge mlichoitwa ninyi madaktari. Nikakusikia unasema hii sheria ya kudai sahihi za madaktari watatu kabla mwanamke hajatolewa mimba inaua watu. Nikajisemea, huyo ni dada yangu, waambie. Mara ukaendelea: "Mdogo wangu alijifungua, moyo ukavimba. Mtoto hajafika miezi mitano, mimba nyingine. Ingemuua. Daktari mmoja alikuwa safarini, mwingine alikataa kusaini. Nikaitoa mwenyewe."

Kwani dada, una wadogo wangapi wewe?

Baba Kibonge alikusikia akiwa gereji, chini ya gari la watu. Mimi nilikuwa nimemwambia mimba iliharibika yenyewe. Fundi mwenzake akamtania, "Shemeji yako leo katoa darasa." Karudi nyumbani. Kala, kanawa, kachukua begi lake.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu sana. Kibonge mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, atafune.

Sikutaja jina. Naapa nilikuwa makini na hilo. Lakini wale wanaume wa kamati walikuwa wananicheka, wananiuliza kama nimewahi kumwona huyo mwanamke ninayemsema au nimemsoma vitabuni. Mdomo ukaenda kwako wenyewe. Nisamehe.

Shemeji nitazungumza naye.

Kuna jambo jingine. Mwenyekiti anadai hadithi nimeitunga, na mwezi ujao wanapiga kura. Ukija ukasimama, wakakuona uko hai na mtoto mkononi, watashindwa la kusema. Mimi niliyoyasema kikaoni yana kinga, siwezi kushtakiwa kwayo. Wewe sheria inakugusa, sikufichi, ila wakili wa chama chetu cha madaktari anadhani hawatathubutu kukushtaki.

Fikiria.

Dada yako

28 Machi

Kwa Daktari,

Salamu. Huku salama. Jino limetoka.

Kutoa ushahidi siji. Mwambie huyo wakili anayedhani, aje anyonyeshe Kibonge siku nikifungwa. Na shemeji yako usimtafute, ameshapanga kwingine. Kinachomuuma si mimba, anasema. Ni kuyasikia redioni pamoja na mafundi wenzake.

Juzi wamekuja askari wawili, mwanamke na mwanamume. Yule mwanamke akaniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake daktari?" Nikamkumbatia mtoto. Nikamwambia ndiyo, mimi na wodi nzima. Nenda kamsikilize anavyozalisha. Mdogo wangu pumua, mdogo wangu sukuma, mdogo wangu usinivunje mkono. Hana mgonjwa asiyekuwa mdogo wake.

Akatazama pembeni kidogo. Akamwambia mwenzake, "Kweli. Hata mimi alikuwa ananiita hivyo nilipojifungua." Wakaondoka.

Kwa hiyo mimi nimepona. Na wewe sasa huna shahidi, najua, na ni mimi niliyekuondolea. Uliniokoa, sijasahau, bila wewe ningekuwa chini ya udongo. Ila uhai wangu ulinipa, hukuniazima uje uuchukue ukiuhitaji kikaoni.

Usiniandikie habari za kamati tena.

Mama Kibonge

19 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Ulinikataza, lakini sina mwingine wa kumwandikia.

Tumeshindwa. Mwenyekiti aliuliza mbele ya wote, "Huyo mdogo wako yuko wapi?" Nikakusanya karatasi zangu, nikakaa. Wakacheka, wakapiga kura, sheria imebaki vilevile. Hospitali imenisimamisha kazi.

Jumatatu ameletwa mama mmoja, mshona nguo, moyo umevimba kama wako. Ana mtoto mchanga, na mimba nyingine tumboni. Muuguzi akanipigia simu. Nilifika getini, mlinzi ana amri nisiingie. Analia na yeye, ananiambia "daktari nitafukuzwa." Ndani madaktari wawili walisaini. Wa tatu akasema atasoma faili kesho.

Mama hakuifikia kesho.

Sikulaumu. Naandika tu. Mtoto wake ana miezi minne, bado yuko wodini. Baba hajulikani, ndugu hawajatokea. Chupa anaitema, wauguzi wanamnywesha kwa kijiko, na anazidi kukonda.

Dada yako

23 Aprili

Dada,

Umeamkaje? Mimi nimeamka nimechoka kama kawaida.

Unasema hunilaumu, na barua nzima umeniandikia ili nijilaumu. Nakujua, tumelala kitanda kimoja wewe na mimi. Nimeisoma nikakasirika, nikaikunja, nikaikunjua tena. Nafsi yangu inaniambia ningekuja kusimama pale, pengine angepona. Halafu Kibonge akalia, nikajibiwa. Ningerudia vilevile. Na huyo mama angekufa vilevile, na mimi ningebaki kumwota, kama ninavyomwota sasa.

Maziwa bado ninayo. Titi la kulia Kibonge halitaki siku hizi, linanijaa hadi linauma. Waulize hao wakubwa wa hospitali kama kumpa mtoto titi nako kunahitaji sahihi tatu.

Wakikubali, mlete. Uje asubuhi, Kibonge akiwa bado amelala, maana ana wivu. Na ukifika usiniombe msamaha mlangoni, majirani wana masikio. Nipe mtoto, ukae.

Mdogo wako