Kulwa, King'ora Chako Kimelia

Kulwa,

Wewe uliyetangulia kuzaliwa ukanitambia maisha yote, leo nisikilize mimi Doto: king'ora chako kimelia!

Tangu tukuzike, Mama bado wanamwita Mama Kulwa, na bado anaitika. Ila kompyuta yako pale kwenye duara la Baba Shija, lile shimo lake la dhahabu nje ya Kharumwa, iliungua. Wakaleta mpya. Nikaketi kuijenga upya programu yako, ile inayopima maji chini ya duara na kupiga king'ora yakipanda. Weee! Kompaila mpya, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, ikayakataa maandishi yako, skrini nzima nyekundu. Ile ya zamani ilikuwa inanung'unika tu, kisha inakuachia. Hii haina mchezo: kila kazi unayoiita ndani ya programu, sharti uwe umeitambulisha kwanza. Na wewe kwa haraka zako! Ulikuwa unaziita tu, kama mtu anayeingia ukweni bila hodi.

Baba Shija akasema, "Doto, kazi ya marehemu imekwenda naye. Tutafute nyingine." Iliniuma, Kulwa. Iliniuma sana. Fundi mmoja wa Runzewe akanipa njia ya mkato, eti niiamuru kompaila ifumbe macho. Nikakataa. Kule chini kuna watu, na Shija yumo, mwana wa mwenye duara.

Basi nikazitambulisha moja moja, huku nakusema peke yangu. Na mahali pamoja, ndugu yangu, kompaila ilikuwa na haki: ulikosea kweli. Nimeparekebisha, sijamwambia mtu.

Ikakubali. Ikafunguka na salamu yako ileile ya asubuhi: Mwangaluka. Saa kumi jioni! Mara ngapi nilikuambia uandike na ya jioni, ukanijibu, "Asubuhi ni pale mtu anapoamka." Nikaitikia kwa sauti, mbele za watu. Tukatumbukiza kipimo kwenye pipa la maji, king'ora kikalia hadi mbuzi wakatimka. Baba Shija akavua kofia, akasema, "Kumbe yupo." Nililia, lakini kifua mbele. Najivunia wewe, pacha wangu. Najivunia na mimi pia, usinicheke.

Nitaitunza, kompaila zije zitakavyokuja. Ila salamu yako siigusi. Siku nikikufuata, hata iwe jioni, nitakuambia Mwangaluka. Na wewe uitikie.

Doto wako