Nilimbandikia Wifi Kidoti cha Uongo, Sasa Anaacha Kazi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana kamba nimeisokota mwenyewe na shingo niliyoivisha ni yangu.

Mimi ni mke wa mtu, nafanya kazi kwenye jumba la sanaa, kazi yangu ni kupokea wageni, kuwaeleza picha na sanamu tunazouza na kufungasha zinazonunuliwa, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ni karani wa mapokezi hospitalini lakini anachora, na anachora vizuri, ila aibu ndiyo imemjaa, kwa hiyo mwaka huu jumba letu lilipopata banda kwenye maonyesho makubwa ya sanaa nilimbembeleza bosi mpaka akakubali tutundike picha yake moja, picha kubwa ya watu tisa wamekaa kwenye benchi la hospitali, wote wanatazama mlango mmoja.

Maonyesho yalikuwa ya siku nne. Kazi ikinunuliwa sisi tunabandika kidoti chekundu kwenye kikaratasi cha jina lake, ili watu wajue imeshapata mwenyewe, na siku mbili za kwanza sanamu za chuma za mchongaji wetu zilipata vidoti karibu zote, picha za wachoraji wengine nazo zikapata, pale kwa wifi tu ndipo patupu, naye kila akitoka kazini alikuja na sare yake, anasimama pembeni anajifanya anatazama sanamu kumbe jicho liko kwenye ukuta wake, na jioni ya pili akaniambia, "Wifi, ishusheni tu, msinionee haya." Mshauri, roho iliniuma. Kesho yake asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nikachukua kidoti nikambandikia.

Alipokiona alinishika mkono, akalia, nami nikalia naye, na bosi alipouliza nani kanunua nikasema kuna mtu kapiga simu, atakuja kulipia, nikidhani baadaye nitasema mnunuzi kaghairi na mambo yaishe. Sasa siku ya mwisho akaja baba mmoja mtu mzima, akasimama mbele ya picha ile muda mrefu, akasogea karibu, akarudi nyuma, halafu akaniuliza, "Hii imeshakwenda?" Na wifi yuko ubavuni kwangu anatabasamu, ningesema nini, nikasema, "Imeshakwenda, mzee." Akasema, "Basi nimechelewa. Benchi kama hilo tumelikalia sana, mimi na mke wangu." Akaniachia kadi yake nimpigie endapo aliyeinunua atabadili mawazo, akaenda zake. Wifi akaninong'oneza, "Umeona? Wanaigombania."

Tangu siku ile wifi hashikiki. Ameandika barua ya kuacha kazi ili achore tu, ametusomea mezani, ataipeleka mwisho wa mwezi, na picha yenyewe iko stoo kwetu kazini imegeuziwa ukuta, na kila siku ananiuliza mnunuzi ataichukua lini. Nilipomweleza mume wangu alisema, "Mimi simo. Mambo ya mawifi yamalizwe na mawifi." Nikimwambia wifi ukweli, ukoo mzima utasema nilimfanyia kusudi, si unajua, wifi hata akikuletea maji watu wanayanusa kwanza. Je, nimpigie yule mzee kimyakimya anunue, uongo ugeuke kweli na mtu asijue? Au niache barua iende, Mungu ni mkubwa?

Wifi Mwenye Huruma

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Wifi Mwenye Huruma. Pole, maana naona hukuwa na nia mbaya. Mwenye wivu angeishusha ile picha siku aliyoombwa kuishusha. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuzungumze.

Unasema roho ilikuuma. Ilikuuma kwa sababu ulishaamua kwamba picha ile hainunuliki. Zilipita siku mbili tu kati ya nne, mwanamke wewe, ukakata tamaa kwa niaba ya mwenzio. Huruma yako ilikuwa na dharau ndani yake, na usinikunjie uso, hata mimi nimewahi kuwahurumia watu hivyo na ninaona haya nikikumbuka. Yule mzee hakumhurumia mtu. Alitazama, akaitaka. Wewe ukamrudisha kwa mdomo wako mwenyewe.

Kumpigia kimyakimya, hapana. Tuseme ananunua. Wifi yako ataacha mshahara akiamini kazi yake ya kwanza iligombaniwa na watu wawili. Picha ya pili ikikaa ukutani wiki nzima bila mtu kuiuliza, atafanyaje? Utambandikia tena? Na Mungu ni mkubwa kweli, lakini mdomo alikupa wewe.

Nenda kwake leo hii. Usimalizie kwenye simu, na mumeo mwache nyumbani, ameshasema hayumo. Mwambie moja kwa moja: kidoti nilibandika mimi, mnunuzi wa simu hakuwepo, yule mzee alikuwa wa kweli, kadi yake hii. Usianze na "wifi, unajua ninavyokupenda", huko ni kudai msamaha kabla kosa halijatajwa. Hilo la mzee liseme taratibu, alisikie vizuri, kwa sababu ndilo jambo la kweli pekee lililompata kwenye maonyesho yale na wewe umelifunika. Kesho asubuhi bosi naye aambiwe, maana kumpigia mnunuzi ni kazi ya jumba lenu. Akikufokea, nyamaza, kufokewa huko ni haki yako.

Wifi atakununia. Shangazi zake watasema, na wengine watasema kwa sauti ili usikie. Kununiwa na wifi si msiba, wanawake wengi wameishi nako na wakalea wajukuu. Lakini akija kuujua ukweli akiwa hana kazi, hapo hutakuwa na wifi wala pa kuuficha uso.

Na ile barua yake usiiguse. Usimwambie aichane, usimwambie aipeleke, hata akikuuliza. Umeshamwamulia mara moja. Inatosha.